Aliyekutibu jana alikuwa daktari?

Ni saa tatu usiku. Mtoto ana homa, anakohoa, na tangu jioni amekataa uji. Hospitali kubwa iko mbali, matatu zimepungua barabarani, na pesa ulizo nazo hazitoshi teksi. Hapo chini ya ploti yenu, kati ya duka la M-Pesa na kinyozi, taa ya kliniki bado inawaka. Unambeba mtoto, unavuka mtaro na kumwambia aliyevaa koti jeupe: "Daktari, hebu nitazamie huyu mtoto."

Anampima joto, anamsikiliza kifua, anakupa dawa, unalipa na kurudi nyumbani.

Ndugu msomaji, je, huyo aliyekuhudumia alikuwa daktari? Huenda hakuwa. Katika mitaa mingi ya miji yetu, mtu wa kwanza kumwona mgonjwa huwa ni afisa wa kliniki au muuguzi. Sisi humwita kila mwenye koti jeupe "daktari", naye, kwa heshima au kwa haraka ya kazi, hatusahihishi.

Je, hilo ni jambo la kutia hofu? Je, watu hawa waruhusiwe kufungua kliniki zao na kutibu bila daktari kuwasimamia? Swali hili limezusha ubishi mkali kwa miaka mingi kati ya madaktari na maafisa wa kliniki. Leo tutalichambua, kwani jibu lake linakuhusu wewe na mtoto wako kuliko linavyowahusu wao.

Ni akina nani hasa?

Kwanza tuwatenganishe. Daktari ni mtu aliyesomea udaktari katika chuo kikuu kwa miaka sita, kisha akafanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya waliomtangulia. Husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Akirudi chuoni kwa miaka kadhaa zaidi na kubobea katika tawi moja, huitwa daktari bingwa.

Afisa wa kliniki, ambaye pia huitwa tabibu, husoma stashahada ya miaka mitatu, mara nyingi katika chuo cha KMTC, kisha naye hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Siku hizi wapo pia wenye shahada ya chuo kikuu. Hufundishwa kumhoji mgonjwa, kumpima mwili, kuagiza vipimo vya maabara, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kufanya upasuaji mdogo. Baadaye anaweza kurudi chuoni kusomea tawi moja, kama vile magonjwa ya watoto, uzazi, masikio na koo, mifupa, macho, au kumtia mgonjwa nusukaputi kabla ya upasuaji. Wapo Wakenya wengi waliotolewa mtoto wa jicho na sasa wanaona vizuri, na aliyewafanyia kazi hiyo alikuwa afisa wa kliniki.

Wauguzi na wakunga nao wana baraza lao. Sheria yao inawaruhusu pia kuomba leseni ya kufanya kazi ya binafsi.

Mwenye duka la dawa ni mtu mwingine tena. Yeye husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na kazi yake ni kukupa dawa iliyoandikwa na kukueleza namna ya kuitumia. Kumpima mgonjwa na kumtibu si kazi yake.

Mwisho yuko tapeli. Mwaka 2015 Wakenya walishtushwa na habari za mtu aliyekuwa akiendesha kliniki jijini Nairobi na kujifanya daktari wa wanawake ilhali hakusajiliwa. Mtu wa namna hiyo hayumo katika ubishi tunaouzungumzia. Yeye ni mhalifu, na dawa yake ni polisi. Ni kosa kumweka kapu moja na afisa wa kliniki aliyesoma, akafanya mtihani na kupewa leseni.

Walianza vipi?

Maafisa wa kliniki hawakuzuka juzi. Wakati wa ukoloni madaktari walikuwa wachache na wengi wao walikuwa wageni. Serikali ilianza kuwafunza Waafrika wa kuwasaidia, na chuo cha KMTC kinahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1927. Baada ya Uhuru mwaka 1963, zahanati na vituo vya afya viliongezeka upesi kuliko madaktari. Aliyeachwa kuvishika, mbali na daktari yeyote, alikuwa huyo msaidizi.

Kwa hivyo tangu zamani amekuwa akifanya kazi peke yake, ingawa jina lake lilisema ni msaidizi. Sheria ilikuja baadaye. Mwaka 1988 Bunge lilipitisha sheria ya mafunzo, usajili na leseni za maafisa wa kliniki. Waliundiwa baraza lao na kupewa njia ya kuomba leseni ya kazi ya binafsi. Sheria mpya ilichukua nafasi ya hiyo mwaka 2017.

Hata hivyo mvutano haukwisha. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mapema mwaka 2025 chama cha maafisa wa kliniki, KUCO, kilizozana nayo kuhusu vituo vinavyoendeshwa na wanachama wake na kuhusu nani ana idhini ya kutoa matibabu yanayolipiwa na bima. Hapo mwananchi aliona wazi kwamba ubishi wa vyeo unaweza kufika hadi mfukoni mwake.

Madaktari wanasema nini?

Hoja ya kwanza ya madaktari ni ya elimu. Miaka sita si sawa na mitatu. Wagonjwa tisa kati ya kumi wanaweza kuwa na mafua, minyoo au malaria, na yeyote aliyefunzwa anaweza kuwatibu. Shida ni yule wa kumi. Maumivu ya tumbo yanayofanana na vidonda vya tumbo yanaweza kuwa dalili za ugonjwa wa moyo. Kikohozi cha mwezi mzima kinaweza kuwa kifua kikuu au saratani. Daktari anasema kwamba ile miaka mingine mitatu ilikuwa ya kumtambua mgonjwa huyo wa kumi.

Hoja ya pili ni ya kuchelewa. Mgonjwa akitibiwa mara tatu kwa jambo lisilo lake, hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekomaa. Daktari wa hospitali kubwa ndiye humpokea akiwa taabani, na ndiye huulizwa na jamaa kwa nini hakupona.

Hoja ya tatu ni ya haki. Madaktari huuliza: je, tunataka nchi ambayo tajiri anamwona daktari na maskini anamwona aliyepatikana? Hili ni swali zito na halifai kupuuzwa.

Maafisa wa kliniki wanajibu nini?

Nao wana majibu yao. Wanasema kwamba mgonjwa wa mtaani hana nafasi ya kuchagua kati ya afisa wa kliniki na daktari. Anachagua kati ya afisa wa kliniki na kutotibiwa kabisa, au kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha. Ukimfungia afisa wa kliniki mlango leo, kesho daktari hatatokea kuketi katika kiti hicho.

Pili, wanauliza kwa nini serikali inawaamini kuendesha kituo cha afya mashambani bila daktari, lakini inaposemwa wafungue kliniki yao mjini wanaambiwa hawana ujuzi. Ugonjwa wa mashambani na wa mjini ni ule ule.

Tatu, wanasema kwamba makosa ya matibabu hayajui cheti. Mwaka 2018 mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta alifunguliwa fuvu la kichwa kimakosa, kwa kuwa alichukuliwa badala ya mgonjwa mwingine. Hilo lilitokea katika hospitali kubwa kuliko zote nchini, yenye madaktari na mabingwa tele. Kilichokosekana hapo hakikuwa shahada. Ni utaratibu wa kuhakikisha kila hatua.

Utafiti umeonyesha nini?

Tuache maneno ya pande mbili, tutazame yaliyopimwa. Mfano ulio maarufu unatoka Msumbiji. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1975, madaktari wengi Wareno waliondoka, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Akina mama walikuwa wakifa kwa kukosa mtu wa kuwafanyia upasuaji wakati wa kujifungua. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwafunza wasaidizi wa tiba kwa miaka mitatu wafanye kazi hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha zaidi ya akina mama 2,000 waliojifungua kwa upasuaji mikononi mwa wasaidizi hao na mikononi mwa madaktari bingwa. Matokeo yalikaribiana sana. Mwingine wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika hospitali za wilaya, wasaidizi hao ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi. Aidha, miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 yao walikuwa bado wapo katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopelekwa huko, hakuna aliyebaki.

Usifurahi mapema lakini. Mwaka 2011 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti sita zenye akina mama 16,018. Vifo vya akina mama na vya watoto havikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili. Hata hivyo, vidonda vya upasuaji viliingia viini na kufumuka mara nyingi zaidi kwa waliopasuliwa na wasio madaktari. Kidonda kilichofumuka si jambo dogo kwa mama anayenyonyesha. Maana yake ni kwamba kazi inafanyika, lakini mafunzo na usimamizi haviwezi kulegezwa.

Kuhusu wauguzi wanaotoa matibabu ya kwanza badala ya madaktari, uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2018 ulitazama majaribio 18, na karibu yote yalitoka nchi tajiri. Wagonjwa walipata nafuu sawa, na mahali pengine nzuri zaidi, na waliridhika zaidi kwa kuwa muuguzi aliketi nao kwa muda mrefu. Lakini kumbuka: wauguzi hao walikuwa na mafunzo ya ziada, walikuwa na miongozo, na daktari wa kuulizwa hakuwa mbali.

Kujitegemea si kuwa peke yako

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Tafiti hizo hazisemi kwamba miaka mitatu ni sawa na sita. Zinasema kwamba mtu aliyefunzwa vizuri kwa kazi fulani anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, mradi anajua inapoishia, ana mtu wa kumuuliza na ana njia ya kumpeleka mgonjwa aliyemshinda.

Chukua mfano wa yule mtoto wa saa tatu usiku. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano, ukiwalenga hasa wahudumu wasio na daktari karibu. Mwongozo huo hauhitaji mashine. Unamtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 au zaidi ni nyingi mno. Mtoto anayekohoa na kupumua upesi hivyo, au ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, huenda ana nimonia.

Kisha mhudumu anauliza: mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au ni vigumu kumwamsha? Jibu la mojawapo likionyesha hatari, kazi yake si kuendelea kubahatisha. Anampa huduma ya kwanza na kumpeleka hospitalini papo hapo.

Basi jiulize: ni yupi aliye salama zaidi, afisa wa kliniki anayeketi na kuhesabu pumzi dakika nzima, au daktari mwenye foleni ya watu hamsini ambaye hana hata dakika hiyo? Na ni yupi wa hatari zaidi ya wote? Ni yule, awe na cheo gani, asiyetaka kukiri kwamba mgonjwa huyu amemshinda.

Tatizo ambalo halisemwi

Lipo jambo jingine ambalo pande zote mbili hulisema kwa sauti ya chini. Mwenye kliniki ya binafsi hula kutokana na kliniki hiyo. Mara nyingi yeye ndiye anayepima, ndiye anayeandika dawa, na ndiye anayeuza dawa hiyo. Mgonjwa akiambiwa "ni mafua tu, kunywa maji mengi na upumzike", kliniki imepata ada ya kumwona peke yake. Akidungwa sindano na kupewa dawa tatu za kuua viini, kodi ya chumba imepatikana. Hali kadhalika, kumpeleka mgonjwa kwingine ni kumpoteza mteja.

Kishawishi hiki kinamkabili afisa wa kliniki, muuguzi na daktari vile vile. Na sisi wagonjwa tunakichochea, kwani tukiondoka bila sindano tunaona hatukutibiwa. Matokeo yake ni viini vinavyozoea dawa hadi visisikie tena. Kwa hivyo uhuru wa kufungua kliniki lazima uende pamoja na ukaguzi wa mara kwa mara wa kliniki hiyo, bila kujali cheti kilichoning'inizwa ukutani. Kuwapa watu leseni kisha kutowatembelea si kuwaamini. Ni kuwatelekeza wao na wagonjwa wao.

Wewe ufanye nini?

Wakati wakubwa wanaendelea kubishana, wewe utaugua kabla hawajamaliza. Zingatia haya:

1. Uliza bila aibu: "Samahani, wewe ni daktari, afisa wa kliniki au muuguzi?" Aliyesoma hatakasirika. Atakayekasirika amekuonya.

2. Tazama leseni ukutani. Leseni ya mhudumu huwa na muda wa kuisha na lazima itolewe upya, kwa hivyo soma jina na mwaka. Mabaraza ya madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi yana sajili ambazo unaweza kuziangalia kwenye tovuti zao.

3. Homa si malaria kila mara. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa. Usikubali dawa ya malaria bila kipimo.

4. Uliza: "Nisipopata nafuu, nirudi lini, na ukishindwa utanipeleka wapi?" Mhudumu mzuri ana jibu tayari. Anajua hospitali iliyo karibu, na atakuandikia barua ya kueleza aliyoyaona na dawa alizokupa. Barua hiyo usiitupe.

5. Ukirudi mara mbili kwa ugonjwa ule ule bila nafuu, usirudi mara ya tatu mahali pale pale. Mwone daktari.

6. Kwa mama mjamzito, yapo mambo ambayo hayana kungoja: kutoka damu, kuumwa kichwa sana pamoja na kuona kiwi, degedege, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Mjamzito apimwe shinikizo la damu kila anapohudhuria kliniki. Likifika 140 kwa 90, hilo linahitaji uangalizi wa karibu. Likifika 160 kwa 110, ni safari ya hospitalini siku hiyo hiyo.

Na yule mtoto wetu wa saa tatu usiku? Ukifika pale kliniki, tazama kama aliyevaa koti jeupe atamfungua shati, atatazama saa na kuhesabu pumzi zake. Muulize amehesabu ngapi. Akikujibu kwa nambari, akakueleza maana yake, na akakwambia ni dalili gani zikitokea usiku umkimbize hospitalini, basi umepata mhudumu, awe daktari au asiwe. Akishika sindano kabla ya kumtazama mtoto, mchukue mwanao na uondoke.